Yule muuza masufuria wa Kariakoo mnayemjua wote, leo kaniuliza "Dada, umeolewa?"

MamaMakongoro:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, herufi zikikosewa mtanisamehe.

Simtaji. Kila aliyewahi kununua hata upawa Kariakoo anamjua: koti la kaki kwenye jua kali, kalamu sikioni, na ile tabia ya kugonga sufuria kwa kidole halafu anakwambia "sikia chuma hicho". Huyo huyo.

Nilikuwa nataka sufuria kubwa la supu, lita 12, lile refu. Mimi makongoro sinunui moja, nanunua ng'ombe mzima kuanzia magotini kushuka chini, na sufuria pana maji yanakauka hata mifupa haijashtuka. Akanitolea stenlesi inayong'aa mpaka unaweza kujipaka wanja. Elfu 85, hapungui. Chini pamegongwa 18/10, nikauliza hii nini. Akajibu macho makavu: "Tarehe ya kutengenezwa, dada. Mwezi wa kumi. Mzigo mpya huo."

Haya. Jumapili mawifi wote wako sebuleni, supu iko motoni tangu alfajiri, harufu ya tangawizi imefika hadi kwa mjumbe. Nainua nitoe jikoni, mkono mmoja wa sufuria ukabaki kwangu, sufuria likaenda zake. Kongoro moja lilitambaa mpaka mlangoni, wifi mkubwa akalikwepa kama mpira wa adhabu. Na kumbe kitako kilishabinuka zamani, lilikuwa linazunguka lenyewe juu ya jiko.

Leo nimelirudisha. Duka limejaa. Nikaweka sufuria mezani, na ule mkono pembeni yake. Hakuangalia sufuria. Aliniangalia mimi, kuanzia kilemba mpaka ndala, akasema: "Dada, umeolewa?"

UMEOLEWA. Mimi nauliza mkono wa sufuria, yeye anauliza ndoa. Kulikuwa na kijana anakula muhindi wa kuchoma, alicheka mpaka punje zikamtokea puani. Kwani cheti cha ndoa ndiyo waranti? Ningesema ndiyo, angeuchomelea? Ningesema bado, angenirudishia nusu? Nimepanda daladala naisikia hiyo "umeolewa", nimepitilizwa kituo kwa sababu ya hiyo "umeolewa".

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. UMEOLEWA?!

Kijana wa Tandale:
Pole dada. Lakini mbona swali hujalijibu?

Mzee Ukwaju:
18/10 siyo tarehe. Ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, kwa hiyo chuma chenyewe ni kizuri, kama alama siyo ya kubandika. Shida ni kitako. Stenlesi peke yake haisambazi moto, ndiyo maana sufuria la maana linawekewa bamba la alumini kwenye kitako. Ligeuze ulitazame ubavuni pale chini. Ukikuta kibati kimoja chembamba, umeuziwa ndoo. Na mikono iwe imepigwa riveti, siyo kuchomelewa vinukta viwili. Maji lita 12 ni kilo 12, bado hujaweka hata kwato.

MamaMakongoro:
Ahsante mzee wangu. Lakini umefika pale aliponiuliza kama nimeolewa?

Mzee Ukwaju:
Nimefika. Nimeruka.

Shunie_wa_Mbagala:
Mie nilijua 18/10 ni bei, elfu 18 ukilia sana unapewa kwa 10. Hahahaaa nimekufa.

BintiTanga:
Tangu alfajiri kwa moto gani huo? Kongoro linaanza na maji ya baridi, povu likipanda unaengua, unapunguza moto mpaka maji yanatikisika kwa mbali tu. Wewe umeliachia moto wa kuyeyushia reli, kitako kisibinuke? Au uliliacha likakauka ukalimwagia maji ya baridi, sema ukweli. Aliyekuuliza swali lile nimeanza kumwelewa.

MamaMakongoro:
Sijaomba mapishi hapa! Mtu mzima, mbele za watu, "Dada, umeolewa?" Hilo ndilo naomba mlijadili.

FundiBati:
Stenlesi ya nini? Mama zetu wamepikia alumini nzito, harusi na misiba, hakuna aliyeachiwa mkono mkononi.

Mzee Ukwaju:
Alumini nzito kwa supu sina neno. Ila usikamulie ndimu na nyanya halafu ikalala humo usiku kucha, ile asidi inakula chuma. Ndimu kamulia bakulini. Na yale ya kuyeyusha vyuma chakavu mimi siyagusi, hujui mna madini ya risasi kiasi gani.

FundiBati:
Mzee umekulia humo humo na leo unatuandikia insha.

Kijana wa Tandale:
Nunueni presha kuka mpumzike. Kongoro kuchemka nusu siku, gesi ya nani?

MpangajiSugu:
Afadhali umetaja gesi! Mtungi umeandikwa kilo 15, nikiupandisha kwenye mzani hesabu haikubali. Namuuliza wakala wa mtaani kwetu, ananiambia "asubuhi gesi huwa nyepesi".

MamaMakongoro:
MpangajiSugu fungua uzi wako.

Mama Wawili:
Nyie mnalia kuuziwa. Mimi jirani kaazima kwangu sufuria la shughuli, lile la kupikia pilau la msiba mzima, halijarudi. Kitakoni nimeandika herufi zangu kwa rangi nyekundu. Leo ana kipaimara cha mwanawe, nachungulia ukutani naliona liko jikoni kwake, nyekundu imekwanguliwa, kapaka za kwake za bluu!

BintiTanga:
Wanakwangua kwa msumari hao. Mimi zangu niligonga kwa patasi kabisa. Aliyechukua langu alipozidiwa akaniambia eti tumefanana majina.

MamaMakongoro:
Jamani, mkono. Wa sufuria. Ndala. Muhindi. Hakuna anayekumbuka?

MpangajiSugu:
Mama Wawili, anzia kwa mjumbe.

Mama Wawili:
Mjumbe ndiye kakaa meza ya mbele, sahani imejaa.

FundiBati:
Swali moja mama: mfuniko wake uko wapi?

Mama Wawili:
Alikuja kuchukua sufuria tu, mfuniko upo uvunguni kwangu.

FundiBati:
Basi nenda nao. Usigombane na mtu. Salimia, pongeza mtoto, funika sufuria mbele ya wageni. Likienea, unabeba.

Shunie_wa_Mbagala:
Mama usiende bila kunipa live.

Mama Wawili:
Najifunga kanga hapa. Ila pilau bado limo, nalo nabeba au namwachia?