Mwanangu anaimba a hadi z, lakini herufi moja moja hazijui

Mama wa Langoni (Lamu):
Assalaam alaykum. Naomba msaada wenu walimu na wazazi wenzangu. Mwanangu wa kiume ana miaka minne, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Wimbo wa "ei, bi, si, di" anauimba wote, hata wageni wakija huambiwa aimbe. Lakini nikimwonyesha m peke yake, hunyamaza, kisha huanza tena "ei, bi, si..." mpaka aifikie. Na jioni yuko chuoni kwa Qur'ani, anasoma herufi za Kiarabu, alifu, bei, tei, zinazoanzia kulia. Siku hizi hata daftari la shule analianzia kulia. Jirani ameniambia nimtoe chuo kwanza mpaka ashike herufi za shule. Moyo wangu haukubali. Nifanyeje?

Mwalimu wa chekechea, Shela:
Wa alaykum salaam mwanangu. Chuo usimtoe. Mtoto aliyezoea alifu na bei tayari anajua kwamba alama ina sauti yake, na hilo ndilo kubwa. Kinachomtatiza ni upande tu. Mtilie nukta nyekundu kushoto mwa kila ukurasa, pale pa kuanzia, umwambie: juzuu tunaifungulia huku, daftari huku. Akigeuza herufi ikaangalia nyuma, umri huo ni kawaida. Msahihishe polepole, usimgombeze.

Sasa wimbo. Wimbo umempa mpangilio, haujampa herufi. Msikilize anapofika "el-em-en-o-pi"; watoto wengi hudhani hilo ni jina moja refu. Tena majina ya Kiingereza yanamtega: e huitwa "ii", na i huitwa "ai". Ukimtajia i ya Kiswahili, atakuonyesha e, na kwa alivyofundishwa hajakosea! Kwa hiyo nyumbani mpe sauti, majina yaache shuleni.

Anza na irabu: a, e, i, o, u. Zikikaa, lete m, aunganishe ma, mama, mimi. Kisha b: baba, bibi. Kisha k: kaka, kuku. Kisha t: taa, tui. Kwa herufi hizo chache tu anasoma maneno ya nyumbani kwake, na uso wake utauona. Herufi za jina lake zichanganye humo humo. Q na x Kiswahili hakizihitaji, na c haisimami peke yake, iko ndani ya ch. Ukifika hapo kwenye ch, picha ya macho usiitumie: kwetu Amu (Lamu) macho anasikia yakiitwa "mato", atakwambia herufi ni m au t. Tumia chai.

Aandike kwa kidole kwenye sinia ya mchanga kabla ya kushika penseli.

Baba wa Maweni, Malindi:
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima, mimi sioni vizuri mpangilio kuachwa. Binti yangu yuko gredi ya nne, na akipewa kamusi hajui kama n iko kabla ya r au baada yake mpaka aimbe kutoka mwanzo. Inaniuma.

Mwalimu wa chekechea, Shela:
Marahaba baba. Sijasema uachwe, nasema uje baada ya sauti, na uje kwa vipande. Binti yako anajua njia kutoka mlango mmoja tu. Andika herufi kwenye vipande vya katoni, zibane kwenye kamba ya kuanikia nguo. Afumbe macho, uondoe moja, akwambie iliyopotea. Muulize: jirani wa kushoto wa n ni nani? Wa kulia? Siku nyingine mwambie aanze kuimba kutoka h. Kisha mpe kamusi aifungue popote, atazame ameangukia herufi gani, aamue kama arudi nyuma au asonge mbele. Huyu mdogo wa Langoni bado hajafika huko, asiharakishwe.

Mama wa Langoni:
Mwalimu, Mungu akuzidishie. Daftari lina nukta nyekundu tayari. Nilitaka kujua pia, nianze na herufi kubwa au ndogo?

Mwalimu wa chekechea, Shela:
Ndogo, maana ndizo zilizojaa vitabuni. Kubwa aijue ile ya mwanzo wa jina lake. Na b na d usizilete pamoja: b ikae kabisa, akiiona mahali popote aitaje bila kusita, ndipo umletee d ya dau.