Wakuu, picha ya mtu barabarani ni ya aliyepiga au ya aliyepigwa?

Chalii wa Kijenge
Habari za jioni wakuu. Nina jambo limenikaa rohoni wiki nzima, naomba tulijadili.

Napiga picha mwaka wa tatu sasa. Napenda hasa zile ambazo mtu hajui mara moja anaangalia nini: kutu ya mabati ya Kaloleni hapa Arusha, rangi zilizobanduka ukutani tabaka juu ya tabaka, taa za vifodi (daladala zetu) pale Mnara wa Saa usiku nikiacha shata, kile kilango cha mwanga cha kamera, wazi sekunde nne huku naizungusha kamera mkononi. Nikiziweka mtandaoni napata laiki saba, nane, basi.

Mwezi uliopita nilikuwa Moshi, kando ya barabara ya Himo. Nikampiga picha mama mmoja aliyejitwika mkungu wa ndizi, nyuma yake mlima wetu, Kilimanjaro, umefunguka mweupe. Sikumwomba. Alikuwa anatembea, na mwanga ule ulikuwa wa dakika mbili tu. Nikaiweka na maneno haya chini yake: "Mzigo wa kila siku." Ikasambaa. Kampuni moja ya safari imeitia kwenye tangazo lake bila kuniuliza. Nikiwa najiandaa kuwadai, dada mmoja akaniandikia: "Huyo ni mama mkwe wangu. Wewe ulimuuliza?"

Sijamjibu hadi leo. Je, nina haki ya kudai? Na yule mama ana haki gani kwangu?

Mwana wa Pasua
"Mlima wetu"? Wewe wa Kijenge? Ninyi mna Meru, mita 4,566, mlima mzuri kabisa, pigeni huo. Huu wa 5,895 tuachieni Moshi. Halafu hiyo theluji si ya mwezi uliopita. Mimi nikifungua mlango asubuhi Kibo, kile kilele chenyewe, ndiyo ya kwanza kuniangalia. Umeiongeza.

Msomi wa Njiro
Tuanze na sheria jamani. Kaka, hakimiliki ni yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda, hiyo kampuni wadai bila kuona haya. Lakini uso wa mama ni habari nyingine. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha yake, na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Ndani ya faili moja mna haki za watu wawili, na yako haifuti yake.

Ukitaka usalama baki na kuta zako, ukuta hauna mkwe. Ingawa kwa kweli zile picha za rangi hata mtoto wa chekechea akiangusha simu anazipata.

Fundi wa Chumba cha Giza
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuchangia. Hilo la chekechea limenichoma.

Nimefanya kazi studio hapa Moshi tangu enzi za filamu, tukisafisha picha usiku kwa taa nyekundu, vidole vinanuka dawa mpaka Jumapili kanisani. Nakuomba Msomi ujaribu hicho anachofanya kijana. Sekunde mbili, taa za vifodi zinakatika vipande. Sekunde kumi, zinafunika kila kitu, unabaki na uji wa njano. Amechagua nne kwa sababu ameharibu mara mia. Mtoto wa chekechea hachagui.

Na si jambo la jana. Mwaka 1843 Mwingereza mmoja, Anna Atkins, alikuwa analaza mwani wa baharini juu ya karatasi yenye dawa, anaianika juani, mwani unaacha umbo lake jeupe katikati ya buluu. Hana kamera. Mwaka 1917 Alvin Langdon Coburn kule London alifunga vioo vitatu mbele ya lenzi, kila kitu kikavunjika kuwa pembe na miali. Mimi mwenyewe nimewahi kulaza jani kavu la mgomba, lile lililochanwa na upepo, juu ya karatasi ya picha na kuwasha taa kwa sekunde moja. Ile mishipa iliyotokea sijaiona kwenye picha yoyote ya mlima. Naitunza mpaka leo, haiuzwi.

Watu walipokuja studio walitaka pazia lenye mlima na maua. Niliwapiga, nikala. Lakini kazi yangu ni lile jani.

Msomi wa Njiro
Shikamoo mzee wangu. Sikudharau kazi yako. Nilisema kuhusu picha zinazowekwa mtandaoni leo. Wewe umekaa miaka gizani, huyu ana simu na programu ya kuediti.

Chalii wa Kijenge
Msomi, sina simu tu. Nina kamera ya mtumba niliyoilipia kwa miezi kumi na moja, kwa kubeba mizigo stendi. Kabla hujaandika kuhusu mtu, muulize.

Mama Kihamba
"Kabla hujaandika kuhusu mtu, muulize." Haya, wewe ulimuuliza?

Kifodi cha Sakina
Mnapoteza muda. Aliyebonyeza ndiye mwenye picha, yamekwisha. Mbona kuna nyani alijipiga picha kule India, akaenda mahakamani akashinda na kulipwa?

Msomi wa Njiro
Si India ni Indonesia, na hakushinda. Ilikuwa 2011, kima alibonyeza kamera ya Mwingereza David Slater. Watetezi wa wanyama wakafungua kesi Marekani kwa niaba ya kima. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikasema sheria yao ya hakimiliki haimpi mnyama nafasi ya kushtaki. Kwa hiyo hata kanuni yako ya "aliyebonyeza" imeangukia hapo hapo.

Kifodi cha Sakina
Lakini kuna hela ilitoka. Nakumbuka vizuri kuna hela ilitoka.

Msomi wa Njiro
Hiyo ni kweli. Mwaka 2017 Slater alipatana nao, akakubali robo ya mapato ya baadaye ya picha zile iende kulinda wale kima.

Yero wa Longido
Kima amepata robo. Mama wa ndizi amepata nini?

Mimi nimepigwa picha tangu nachunga ndama kando ya barabara ya Namanga. Gari linasimama, kioo kinashuka, kamera inatoka kabla ya salamu. Twiga nao hawasalimiwi. Nikiwa mkubwa nimejiona kwenye kalenda ukutani, ofisini kwa mtu hapo mjini Arusha. Nimesimama kwa mguu mmoja, nina miaka kama tisa, shuka ni ya marehemu kaka yangu. Nikamwambia mwenye ofisi, huyu ni mimi. Akasema, ninyi mnafanana.

Hilo neno silisahau. Chalii, huyo mkwe anayekuandikia usimwache bila jibu.

Dereva wa Mizunguko
Pole ndugu yangu Yero. Ila na mimi niseme la upande wetu. Kwenye hizo barabara watoto wameacha ng'ombe, wanajipaka chokaa usoni, wanasubiri magari. Malipo ya picha yameleta hilo. Ukisema kila uso ulipwe, umetengeneza biashara.

Yero wa Longido
Vijana wanaopaka chokaa wametoka jandoni, ni mila. Wanaosimama barabarani kwa ajili ya hela waliona mnazitoa dirishani. Nimesema salamu, sikusema hela. Rudi usome.

Dereva wa Mizunguko
Nimesoma. Kwenye salamu uko sahihi.

Jambo jingine Chalii: kwenye ile picha umeacha mahali palipopigwa panaonekana. Simu na baadhi ya kamera zinaandika ndani ya faili mpaka nukta ya ramani, na ukiituma kama dokumenti inakwenda hivyo hivyo. Mimi nikiwa Ngorongoro na wageni, tukiona faru mweusi nawaomba wazime hiyo kitu kabla hawajaposti, maana jangili naye anatazama picha. Mama anayepita njia hiyo kila siku anastahili angalau uangalifu tunaompa faru.

Mwana wa Pasua
Mmezunguka dunia nzima, theluji hamjaijibu.

Chalii wa Kijenge
Sijaongeza theluji! Nimeshusha anga kidogo na kunyanyua weupe, basi. Hiyo inafanywa na kila mpiga picha, hata mzee Fundi kwenye chumba cha giza alikuwa anaziba kwa kiganja sehemu moja ili nyingine iungue zaidi.

Fundi wa Chumba cha Giza
Kweli, tulikuwa tunafanya. Lakini kiganja hakiwezi kuleta kisichokuwepo kwenye filamu.

Msomi wa Njiro
Na huo mstari una watu wakubwa walioukanyaga. Steve McCurry, yule aliyempiga picha msichana wa Afghanistan mwaka 1984, mwaka 2016 ziligundulika picha zake za safari zimefutwa vitu na kuhamishwa vitu. Akajitetea kwamba yeye siku hizi ni msimulizi kwa picha. Na yule msichana, Sharbat Gula, uso wake ulikuwa kwenye jalada la National Geographic Juni 1985, dunia nzima ikamjua macho, jina lake likaja kujulikana 2002. Miaka kumi na saba uso bila jina.

Dereva wa Mizunguko
Kuhusu theluji mimi namuunga mkono wa Pasua, kwa sababu inanigusa mfukoni. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Ilipopimwa 2011 ilikuwa chini ya 2. Mgeni anafika akiwa ameona picha nyeupe mpaka mabegani, ananiuliza mimi theluji iko wapi, kama vile nimeificha nyuma ya gari. Mnatuachia kazi ya kueleza.

Fundi wa Chumba cha Giza
Tusichanganye barafu na theluji. Barafu ya kudumu ndiyo inayokwisha. Theluji mpya inaweza kuanguka usiku mmoja mvua ikipiga juu, asubuhi Kibo yote nyeupe, siku chache tu imekwenda. Ili umwite kijana mwongo lazima ujue usiku ule mvua ilinyesha au la.

Chalii wa Kijenge
Ilinyesha! Nililowa Boma Ng'ombe nikisubiri gari!

Mama Kihamba
Naomba niwasimamishe kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Kilema, sijui kamera. Lakini nimeikuza ile picha kwenye simu ya mjukuu wangu, nikaangalia kitu ambacho ninyi wote mmekiruka: ndizi zenyewe.

Ule ni mkungu wa mchare. Umekatwa kwa uangalifu, umefungwa majani makavu pembeni usichubuke. Mkungu wa kuuza gulioni hatuufungi hivyo, tunaupanga na mingine kumi juu ya gari. Na angalia kitenge: kipya, kimefungwa vizuri, viatu vya Jumapili. Mama huyu hakuwa anatafuta riziki. Anapeleka zawadi. Kwetu mchare wa namna hiyo unapelekwa kwa mzazi, apikiwe mtori apate nguvu na maziwa yashuke.

Sasa wewe mwanangu ukaandika "Mzigo wa kila siku." Watu wakaona umaskini, wakaweka alama za machozi. Umemvua heshima yake mbele ya watu ambao hawajui mchare ni nini. Hilo linaniuma kuliko theluji, kuliko kampuni, kuliko kima wa Indonesia. Na aliyekuandikia ni mkwe wake. Muulize kama ana kichanga.

Kifodi cha Sakina
Mama, unaweza kuona yote hayo kwenye picha?

Mama Kihamba
Nimebeba mikungu hiyo minne katika maisha yangu, na mmoja nilibebewa mimi.

Yero wa Longido
Shikamoo mama.

Msomi wa Njiro
Hapo ndipo suala la kisheria linapokuwa zito zaidi, kwa sababu kuna taarifa ya mtu na kuna maelezo yasiyo sahihi juu ya mtu. Mleta mada, hiyo kampuni imetumia maneno yako au picha peke yake?

Chalii wa Kijenge
Nilimwandikia yule dada jana usiku. Niliomba msamaha kwanza, kisha nikauliza. Ana mtoto wa wiki tano. Picha ilipigwa siku ya pili baada ya kutoka hospitali. Mama mkwe alikuwa anakwenda kwake.

Anasema mama haichukii picha. Anachukia maneno, na anachukia kwamba amejiona kwenye simu ya jirani kabla hajajiona kwenye yangu. Kanisani wamemuuliza kama watoto wake wamemtelekeza.

Nimefuta yale maneno na mahali. Picha nimeitoa kwanza mpaka aseme mwenyewe. Ya kampuni bado ipo, sijui nitawaambiaje waitoe wakati juzi nilikuwa naandika barua ya kuwadai hela.

Mwana wa Pasua
Pole. Lakini faili lenyewe unalo? Lile bichi, kabla hujaligusa? Mtoe mama kwenye picha, acha mlima peke yake, uliweke hapa tuone.

Kifodi cha Sakina
Huyu hachoki!

Mwana wa Pasua
Sichoki, kwa sababu nimemwita mtu mwongo hadharani. Kama nimekosea nataka nijue.

Chalii wa Kijenge
Nimeliweka. Halijaguswa.

Fundi wa Chumba cha Giza
Theluji ipo. Mpya, imefunika mpaka chini ya barafu.

Mwana wa Pasua
Nimeliona. Nakubali, theluji ilikuwepo, samahani kwa lile neno. Ila kwenye ile uliyoposti umezidisha weupe upande wa kushoto, pale barafu ya Heim inaposhukia, mwamba umepotea kabisa na kwenye faili bichi unaonekana. Huo mwamba mimi naujua, usiufute.

Ukija Moshi kumwona huyo mama, pita Pasua. Fika saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu hayajapanda. Mimi nitabeba chai. Na safari hii uandike Moshi.