Naomba ushauri: "wametupotosha" au nini?

Wapendwa wenzangu, habari zenu. Niko Bukavu, Kongo, na ninasaidia kikundi cha mama wauza mboga wa soko la Kadutu kuandika barua ya kujibu redio moja. Walieleza soko letu kama jalala tu. Takataka zipo, sikatai (mvua ikinyesha, nani asiyejua Kadutu?), ila walichukua asubuhi moja mbaya wakaifanya ndiyo maisha yetu yote.

Barua ilikuwa kwa Kifaransa, sasa mama wanaitaka kwa Kiswahili. Hapo nimekwama. Niliandika "mumesema bongo" (yaani uongo, kwa Kiswahili chetu cha Kongo), mzee mmoja akacheka: si uongo, takataka walizionyesha kweli. Pia Mtanzania akisoma "bongo" atafikiria ubongo au Dar es Salaam! "Kusingizia" ni kumtwika mtu kosa ambalo hakulitenda. "Kughushi" naona ni ya hati na saini. "Kuchafua jina" inataja madhara, haitaji namna walivyofanya.

Imebaki "kupotosha". "Mumepotosha habari" inaenda vizuri. Lakini nikiandika "mumetupotosha", inasikika kama walituongoza njia mbaya, siyo kwamba walituonyesha tusivyo.

Kwa hiyo: je, kuna kitenzi kimoja kinachobeba mtu, chenye maana ya kumwonyesha tofauti na alivyo? Kama hakuna, "mumetupa sura isiyo yetu" inafaa kwenye barua rasmi, au ni maneno ya sokoni? Barua inaondoka Jumatatu.