Naomba ushauri: imbwa yangu anabwekea kila mugeni

Bandugu, munisaidie. Niko na imbwa jike hapa kwetu Himbi, Goma, haiko mukubwa lakini ile sauti! Mutu akigonga tu mulango ya parseli anaanza, bamama ba chama banabaki inje bananiita ku simu, na ule wa chukudu (ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo) mwenye kutuletea makala anatupa mufuko ku barabara anakimbia. Nafikiri hiyo njo inamupatia nguvu, juu akibweka anaona mutu anaenda, basi anajua ameshinda.

Muzee anataka tumufunge munyororo muchana kutwa. Miye sikubali, imbwa ya kufungwa inazidi kuwa mukali. Jirani aliniambia nimupatie sambaza (basamaki badogo ba ziwa Kivu) wakati ananyamaza, si wakati anabweka, na mugeni asimuangalie mu macho. Kwa batoto ba jirani inafanya kazi kweli, lakini mugeni mupya, hapana, hata sambaza anaacha chini (na mujue vile bei ya sambaza iko saa hii).

Sasa shida ingine, usiku nataka abweke, bezi bako. Imbwa anaweza kujua tofauti? Mwenye alishafundisha yake anieleze alianzia wapi.