Shotigani semi za bei rahisi: zinaaminika kweli au nimetupa hela?

MzawaKilosa:
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Niko Fort Worth, Texas, mwaka wa saba sasa, na mwaka huu jamaa wa kazini wamenialika kwa mara ya kwanza kwenda kuwinda njiwa. Msimu huku unafunguliwa Septemba 1. Kozi ya wawindaji nimeshamaliza, leseni ninayo, kilichobaki ni bunduki yenyewe na hapo ndo nimekwama.

Nimechukua shotigani semi, yaani inayojipakia risasi yenyewe, geji 12 (kipimo cha mtutu), ya Kituruki, mpya kwenye boksi, dola 329 kabla ya kodi. Jina la kampuni sitaji maana sijajua kosa ni lao au langu. Jumamosi nikaenda nayo uwanja wa kulenga sahani na boksi nne za risasi zile za bei chee, zenye aunsi 1 ya vidonge. Risasi ya kwanza ikalia vizuri ila ganda likatoka nusu likabanwa na bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, limesimama wima kama bomba la moshi. Nikalitoa. Ya pili safi. Ya tatu likabanwa tena. Nilipomaliza boksi ya kwanza, risasi 25, imekwama mara tisa, na mara moja nimevuta traiga ikasema tik basi, kimya, kutoa risasi naona ina kialama kidogo sana cha pini pale nyuma. Sikuendelea, nikafunga virago.

Mzee mmoja pale uwanjani akanambia Mturuki wa mia tatu ni wa kutundika ukutani tu. Dukani nao wanasema bunduki ikishatoka mlangoni hairudi, niitume kwa mwagizaji nisubiri wiki sita mpaka nane, na msimu uko wiki tano mbele. Mimi nimelelewa na babu mwenye gobore, unashindilia baruti mwenyewe na ikigoma unajua imegoma wapi. Hii siielewi kabisa. Semi za bei rahisi ndo zilivyo zote? Niiuze kwa hasara nichukue pampu, ile unayoivuta kwa mkono kila risasi, au kuna kitu sijafanya?

Fundi_wa_Mitutu:
Marahaba kijana. Usiiuze bado. Niko Houston, nimekaa kwenye meza ya fundi bunduki miaka kumi na moja na malalamiko kama yako yanakuja mlangoni kila Agosti, wiki chache kabla ya njiwa, watu wameshika boksi mkononi wamenuna.

Kwanza nijibu maswali mawili. Ile bunduki ukifungua kifuniko cha mbele ukatoa mtutu, unaona pistoni na matundu ya gesi chini ya mtutu, au ni bomba la magazini (linalobeba risasi) tupu halina kitu? Na pili, uliisafisha kabla ya kwenda nayo au ulitoa kwenye boksi ukaweka risasi?

Nauliza hivyo kwa sababu semi ni mashine inayoishi kwa nguvu ya risasi unayoilisha. Pampu mkono wako ndo injini. Semi inachota kidogo kwenye kila mlio ili ifungue, itupe ganda, ipandishe nyingine, ifunge. Nguvu ikipungua kidogo au msuguano ukizidi kidogo, ganda halina kasi ya kutoka linabanwa palepale mlangoni. Na hili sio tatizo la Waturuki, limeanza na semi yenyewe. Auto-5 ya John Browning, ile ambayo hataza yake ni ya mwaka 1900, ilikuja na pete za msuguano unazipanga namna moja kwa risasi nzito na namna nyingine kwa nyepesi, ukikosea kuzipanga ama inakwama ama vyuma vinagongana kwa nguvu mpaka mbao inapasuka. Na hiyo ni bunduki iliyotengenezwa mpaka 1998, watu wakaiheshimu miaka yote hiyo.

MzawaKilosa:
Asante sana mzee wangu. Nimefungua sasa hivi. Hamna pistoni, bomba la magazini liko tupu, na nikibonyeza kichwa cha bolti kwa mkono kinarudi ndani kidogo kama kuna springi fupi ngumu katikati. Kusafisha sikusafisha, nilijua mpya ni mpya.

Fundi_wa_Mitutu:
Basi hapo tumefika. Hiyo inaitwa inesha, mfumo wa Bruno Civolani ambao Benelli wa Italia ndo waliupa jina. Ukipiga, bunduki nzima inarudi nyuma kwenye bega lako ila bolti kwa uzito wake inabaki palepale, kwa hiyo ile springi fupi uliyoigusa inabanwa, halafu inaachia na kuirusha bolti nyuma. Hakuna gesi inayoingia ndani, ndo maana inakaa safi na ndo maana ni nyepesi. Lakini inategemea mshindo. Risasi ya aunsi 1 ya kulengea haina mshindo wa kutosha kwa bunduki mpya ambayo vyuma vyake bado vinakwaruzana.

Na ile grisi ya kiwandani! Hiyo sio mafuta ya kulainisha, ni ya kuzuia kutu kwenye meli, nzito kama asali. Nyingi za aina yako zina springi nyingine ndefu ndani ya kitako inayorudisha bolti mbele. Toa lile gamba la mpira la nyuma, fungua nati taratibu maana springi imebanwa, funika na taulo na uvae miwani, uitoe. Mara nyingi ninakuta lile bomba limejaa grisi na vumbi la chuma, wakati mwingine hata vipande vidogo vya chuma vilivyobaki kwenye mashine. Osha yote, kausha, paka mafuta membamba tone moja tu, rudisha. Kisha kanunue boksi nne za risasi nzito, aunsi 1 na robo, zile zinazoenda kama futi 1,330 kwa sekunde, zitakuuma bega ila zipige zote mia. Hizo ndo zinasugua vyuma vikazoeana. Baada ya hapo ndo uijaribu na nyepesi.

Na ile tik: bolti ya inesha ina kichwa kinachozunguka kujifunga. Ukiifunga polepole ukiishikilia kwa mkono kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala, kichwa hakizunguki mpaka mwisho, ukivuta traiga inasema tik. Iachie irudi kwa nguvu zake. Ukiwa porini umepiga kitako chini au umegonga mkono wa bolti kwenye tawi, sukuma huo mkono mbele uhakikishe. Na ukisikia tik siku yoyote usikimbilie kufungua, shikilia mtutu kwenye upande salama hesabu mpaka thelathini, kuna risasi zinazochelewa kuwaka.

Otieno_Kaskazini:
Niko Sioux Falls, South Dakota, na mimi ni Mkenya, kwetu kuwinda kulipigwa marufuku tangu 1977 kwa hivyo kila kitu nimejifunzia huku, nikifuata ndege wa fezanti kwa mashamba ya mahindi. Naheshimu fundi lakini siko pamoja naye kwa kila kitu. Mtu akinunua kitu kipya anafaa kukitumia kikiwa kipya. Kwa nini mnunuzi atoe dola 329, halafu atoe zingine za risasi mia moja nzito, halafu afungue kitako, ndio bunduki ikubali kufanya kazi yake? Ukijumlisha hizo na muda wako umeshafika karibu na semi nzuri ya mitumba.

Mimi nilikuwa na ya bei ya chini pia. Ilikwama siku ya kwanza ya msimu, jumamosi ya tatu ya Oktoba, jogoo mbili zimeruka miguuni mwangu kabisa, ya kwanza nikapiga, ya pili nikavuta hewa. Mbwa ameniangalia. Hiyo picha bado ninayo kwa kichwa. Niliituma irekebishwe ikarudi na karatasi inasema wameitesti iko sawa, ikakwama tena. Tena baridi ikiingia Desemba mafuta yanaganda, inesha yenye mafuta mengi inatembea kama imelewa. Nikauza, nikatafuta ya gesi, inayosukumwa na gesi ya risasi yenyewe, iliyotumika.

Fundi_wa_Mitutu:
Otieno ndugu yangu, hasira yako ina haki na sikatai hata neno moja la bei. Ila ninachosema ni hiki, ile bei imeshuka kwa sababu kuna kazi haikufanyika. Chuma sio kibaya. Ukienda Huğlu na Üzümlü, wilaya ya Beyşehir mkoani Konya, ni miji inayoishi kwa kutengeneza shotigani, na wanajua kazi. Semi ya CZ 1012 ilitengenezwa Huğlu. Stoeger M3000 nayo ni ya Uturuki na kampuni yenyewe iko chini ya Benelli. Kinachokatwa ni ule muda wa mwisho, mtu kukaa na faili na kitambaa anasugua chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), anakagua springi, anapiga risasi kadhaa. Kiwanda kimekuachia wewe mnunuzi hiyo kazi, na moja inakuja safi kabisa, jirani yake kwenye katoni hiyohiyo inakuja na makorokoro. Ndo maana utasikia mmoja anaapa kwa jina la bunduki hiyo na mwingine analaani, na wote wawili wanasema kweli.

DadaSahani:
Habari zenu kaka zangu, niruhusuni niingie. Mimi napiga sahani kila Jumapili hapa Dallas, kwa mwaka napitisha risasi nyingi kuliko wawindaji wengi wa njiwa, na wengi huwa hawaangalii ganda lenyewe. Kaka wa Kilosa, maganda yaliyobanwa umeyatunza? Angalia kile kitako cha chuma cha ganda. Risasi za bei chee nyingi kina rangi ya dhahabu ila ni chuma cha kawaida, shika sumaku uone kama kinanasa. Chuma hicho kikitanuka hakirudi vizuri kama shaba halisi, kinang'ang'ania chemba, na kama chemba ni ya kukwaruza basi inapigana na bolti. Ukiona ukingo wa ganda umeng'atwa na ndoano ya bolti inayolivuta, au kuna mistari ya kukwaruzwa kwa urefu, hiyo ni chemba. Dawa ni pamba ya chuma ile laini kabisa ya namba 0000, izungushe kwenye kijiti na mafuta, dakika mbili tatu, mpaka ing'ae. Sio msasa tafadhali, msasa unakula.

La pili, hujaweka kitu juu ya hiyo bunduki? Kile kimfuko cha risasi cha kufunga kwenye kitako? Maana inesha ukiiongezea uzito unaiibia mshindo.

Na kwa wanaotaka kununua ya gesi mitumba kama anavyosema Otieno: Remington 1100 iliingia sokoni 1963, duka za rehani zimejaa, na inapiga polepole kwenye bega. Yangu niliikuta kwenye duka la rehani kwa bei ndogo sana kwa sababu ilikuwa haitupi maganda, muuzaji kakata tamaa. Nilipotoa mtutu nikakuta ile pete ya mpira inayoziba gesi juu ya bomba la magazini imekatika, nusu haipo. Pete ya dola chache. Tangu siku hiyo naweka mbili za akiba kwenye begi. Ila gesi lazima usafishe, masizi yakiganda kwenye pistoni nayo itagoma vilevile.

Msafiri_MN:
Kwangu mimi kama msimu uko wiki tano na hela ni ya kubana, chukua pampu na ulale usingizi. Pampu ya Remington 870 imetoka 1950 na bado zile kuukuu zinapiga. Njiwa hahesabu umepiga haraka kiasi gani, na sheria ya ndege wanaohama inataka bunduki isiweze kubeba zaidi ya risasi tatu kwa jumla, kwa hiyo hiyo faida ya semi kwa njiwa ni ndogo. Angalia pia kile kijiti cha kuziba magazini kipo ndani, askari wa wanyamapori anakijaribu palepale shambani.

Na kwa ndugu wengine wanaosoma hapa, hakikisheni karatasi kabla ya kuingia dukani. Mwenye green kadi sawa. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki isipokuwa awe na kibali kama leseni halali ya uwindaji. Usishike hata ya rafiki "kujaribu tu" bila kujua hilo.

MzawaKilosa:
Wakuu nimerudi na majibu, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Kitako nimefungua kama mzee alivyosema. Ndani ya lile bomba grisi ya rangi ya kahawia imejaa mpaka springi haionekani, na nilipoisukuma nje na kitambaa kikatoka kipande cha chuma kimejikunja, urefu kama nusu ya punje ya mchele. Nikakiweka kwenye karatasi nyeupe nikapiga picha. Nikaosha kila kitu, nikakausha. Maganda ya zamani nilikuwa nayo kwenye begi, sumaku ikanasa yote, na manne yana mistari kama dada alivyosema. Chemba nikaisugua kwa pamba ya 0000. Na kimfuko cha risasi kwenye kitako dada nilikuwa nimekiweka kweli, nimekitoa.

Risasi nzito mia: iligoma mara mbili, zote kwenye boksi ya kwanza. Bega limepiga rangi ya zambarau siku tatu. Jumamosi hii nimerudi na zile nyepesi za aunsi 1, boksi mbili. Hamsini, imekwama mara moja. Nikajaribu na za aunsi 1 na nusu ya robo, za kawaida za njiwa, boksi mbili pia, haijakwama hata moja. Tik haijarudi tangu niache kuifunga kwa kuibembeleza.

Otieno nakuelewa sana kaka, hela ya risasi nimeihesabu na inauma, na mtu asiye na wazee wa kumuelekeza angeiuza siku ileile. Msafiri, kijiti kipo, nimehesabu zinaingia mbili chini na moja juu.

Fundi_wa_Mitutu:
Vizuri sana kijana. Hiyo moja katika hamsini itapungua ikizidi kupigwa, ila shambani nenda na hizo za aunsi 1 na nusu ya robo, hizo nyepesi ziachie uwanjani. Na mwagizaji wako mwandikie sasa hivi akutumie springi ya kitako na ndoano ya akiba angali anauza hiyo modeli. Hawa wanabadilisha kiwanda na majina kila baada ya miaka michache, na siku ukivunja ndoano hutapata mtu wa kumuuliza.

MzawaKilosa:
Nimeandika leo asubuhi, ndoano wanayo dola 14, springi wanasema wiki ijayo. Jamaa wa kazini ameniazima pampu yake nayo itakaa kwenye gari siku ya kwanza, nisije nikabaki nawaangalia njiwa wanapita.