Kuondoa pakeji zisizotumika kwenye Linux: terminali, Synaptic au programu za kusafisha, ipi inafaa kwa mashine ya kazi?

steshenari_majengo
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari hapa Majengo, Moshi. Mashine ya kazi ni kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 4, SSD ya GB 120 lakini Windows imekalia sehemu kubwa, Ubuntu 22.04 (aina ya Linux) imepewa GB 30 tu. Mdogo wangu ndo aliniwekea na nimeshaizoea mana kule Windows virusi vya flashi za wateja vilikuwa vinanimaliza. Sasa tangu wiki iliyopita kila nikiwasha inaniambia nafasi inaisha, na jana imegoma kuhifadhi CV ya mteja nimeshaichapa kurasa mbili zote na mwenyewe kasimama pale dirishani anasubiri, ikabidi nimwombe arudi kesho.

Nikifungua menyu naona vitu kibao sijawahi kuvigusa, michezo ya karata, Thunderbird, Rhythmbox, Shotwell, kitu cha kupiga picha na kamera ambayo sina. Nataka vitoke. Mmoja kaniambia tumia terminali (lile dirisha la kuandika amri), mwingine Synaptic, mwingine BleachBit inasafisha yenyewe kwa kubofya mara moja. Aliyejaribu zote anisaidie kulinganisha, hii mashine ndo inalisha watoto siwezi kuijaribia ovyo. Na bando pia nalihesabu, apdeti za hivi vitu nisivyovitumia zinakula MB kila mwezi.

chalii_wa_sakina
Terminali dada, hamna kingine. Andika hivi (sudo ni kupewa mamlaka ya msimamizi, apt ndo chombo cha kuweka na kuondoa pakeji, yani programu na vipande vyake):

`sudo apt purge aisleriot gnome-mahjongg gnome-mines gnome-sudoku rhythmbox shotwell cheese`

halafu `sudo apt autoremove --purge`, umemaliza, dakika mbili. Tofauti ya remove na purge ni kwamba remove inatoa programu ila inaacha faili za mipangilio kule /etc, purge inabeba na hizo. Autoremove inatoa zile pakeji zilizoletwa kumsaidia mwenzake na sasa mwenzake hayupo. Kama zamani ulishaondoa vitu kwa remove, mabaki yake utayaona ukiandika `dpkg -l | grep ^rc`, na yote unayafagia kwa `sudo apt purge '~c'`. Mimi niko Arusha hapa natengeneza laptopu za watu, kila siku natumia hii.

binti_njiro
Chalii wangu pole pole, mtu kakuambia mashine inalisha watoto wewe unampa purge na autoremove kwa pamoja bila kumwambia asome kinachotoka.

Dada mimi nasimamia mashine tatu za ofisini huku Njiro na natumia Synaptic. Unaiweka kwa `sudo apt install synaptic`. Uzuri wake unaona kila pakeji na ukubwa wake, ukiiwekea alama ya kuondolewa inakufungulia orodha ya zote zitakazoondoka nayo KABLA haijafanya chochote, unasoma, ukiona jina usilolijua unaghairi. Pale kwenye Status inakutengea zile zilizobaki bila kazi na zile zilizoacha mipangilio tu. Na ina historia, yani mwezi ujao ukisahau ulitoa nini unafungua unaona tarehe na majina.

Ubaya wake ni mmoja lakini mkubwa kwa Ubuntu ya siku hizi, haioni Snap wala Flatpak, yani njia nyingine za kuweka programu nje ya apt. Firefox yako kwenye 22.04 ni Snap, kwahiyo Synaptic itakuonyesha kipakeji kidogo cha jina hilo tu, mzigo wenyewe uko kwingine.

mwl_rau
Naomba niseme lililonikuta ili dada asiingie kwenye shimo hilohilo. Shuleni tuna chumba cha kompyuta, mashine kumi na moja zina Ubuntu. Nikaona kwenye orodha kuna kitu kinaitwa evolution-data-server, nikajua Evolution ni programu ya barua pepe, sisi hatuitumii, nikaandika `sudo apt remove evolution*` nikapiga Y kwa haraka mana kengele ilikuwa imeshalia. Nikawasha upya. Kioo cheusi, maandishi meupe, inaniomba jina na paswedi. Hakuna picha, hakuna menyu, na wanafunzi wa Form Three wamesimama mlangoni na madaftari.

Sababu nilikuja kuielewa usiku. gnome-shell, yani ile deskitopu yenyewe unayoiona, inategemea evolution-data-server kwa ajili ya kalenda. Ukiondoa ya chini, ya juu haiwezi kubaki, apt inaitoa pia, na ilikuwa imeniandikia kabisa kwenye orodha, sikusoma. Na ile nyota ndo mbaya zaidi, inakamata kila jina linaloanza hivyo.

Nilijitoa hivi: nikaingia kwa jina na paswedi kwenye kile kioo cheusi, nikachomeka simu kwa waya wa USB na kuwasha ugawaji wa intaneti, nikafungua `less /var/log/apt/history.log` ambako kila kilichoondolewa kimeandikwa na saa yake, halafu `sudo apt install ubuntu-desktop`. Ikarudi. Faili za wanafunzi zote zilikuwepo, ila bando la wiki liliishia palepale.

chalii_wa_sakina
Pole sana mwalimu. Hiyo ya nyota nakubali, majina yaandikwe moja moja.

FundiKiborloni
Vijana hamjambo. Mwanangu wa Majengo nisikilize kidogo.

Terminali na Synaptic ni kitu kimoja ndani, wote wanaongea na ghala lilelile la pakeji, kwahiyo usalama hauko kwenye chombo, uko kwenye kusoma ile orodha. Kwenye terminali kuna herufi moja watu hawaitumii, `-s`. Ukiandika `apt -s purge rhythmbox` inaigiza tu, inakuonyesha ingeondoa nini, haigusi kitu na wala haihitaji sudo. Fanya hivyo kwanza kila mara. Ukiona kwenye orodha gnome-shell, ubuntu-desktop, network-manager, cups (inayoendesha printa) au python3, simama hapohapo. Python3 hasa, watu wanadhani ni ya waandika programu tu, kumbe vitu vingi vya Ubuntu vimeandikwa kwa hiyo, ukiitoa unabeba nusu ya nyumba. Na wewe wa steshenari usiguse cups wala avahi-daemon. Hiyo ya pili jina lake haliambii mtu kitu lakini ndo inayozitafuta printa za mtandao, jirani yangu aliitoa akakaa siku mbili anadhani printa imekufa, akataka hadi kuiuza.

Autoremove ikikuonyesha kitu unachokitaka usiikatae yote, mwambie hiki ni changu: `sudo apt-mark manual jina-la-pakeji`. Haitakigusa tena.

Halafu umeme. Usianze kazi hii jioni umeme ukiwa unacheza kama huna UPS. Ukikatika katikati, ukiwasha andika `sudo dpkg --configure -a` kisha `sudo apt -f install`, mara nyingi inajimalizia ilipoachia.

steshenari_majengo
Shikamoo fundi. Ahsante sana. Na BleachBit je? Na hivi nikitoa hizo programu mashine itakuwa nyepesi?

FundiKiborloni
Marahaba mama. BleachBit ni fagio la kashe (nakala za akiba ambazo programu zinajiwekea) na faili za muda, kazi yake kuu siyo kuondoa programu. Ukiifungua kwa mamlaka ya msimamizi ina sehemu ya APT inayofanya autoremove ileile aliyosema kijana, na clean ya kufuta pakeji zilizopakuliwa, tofauti unatia tiki tu. Ninachokiogopa ni mtu kutia tiki kila kitu, paswedi za kivinjari zinaondoka, na kuna ile ya kufuta nafasi tupu ya diski ambayo inaijaza diski yote kwanza, kwa SSD iliyokaribia kujaa kama yako sikushauri kabisa.

Kuhusu wepesi, hapana. Programu iliyolala kwenye diski haili RAM. Michezo ya karata ikiondoka mashine itakuwa vilevile, kinachokula RAM ni vile vinavyojiwasha pamoja na kompyuta, hivyo vitazame kwenye Startup Applications.

mtandao_pasua
Wakuu wote mmeongea vizuri ila nadhani mnachimba pasipo na dhahabu. Ile michezo yote minne ukiijumlisha ni MB chache mno. Dada kabla hujatoa hata kimoja andika `df -h /` uone ilivyo, halafu fungua Disk Usage Analyzer iko kwenye menyu yako tayari, iangalie folda ya /var. Nitashangaa kama mzigo hauko huko.

Vitu vitatu vya kutazama. Snap inahifadhi toleo la zamani la kila programu pembeni ya jipya, andika `snap list --all`, zilizoandikwa disabled ndo za zamani, unazitoa moja moja kwa `sudo snap remove firefox --revision=` na namba yake. ANGALIZO, usisahau kuandika revision, mana `snap remove --purge` ya Firefox nzima inaondoka na alamisho na paswedi zako, siyo kama apt purge ambayo haigusi folda yako ya nyumbani. Pili logi za mfumo (kumbukumbu za matukio ya mashine), `journalctl --disk-usage` ukikuta ni kubwa `sudo journalctl --vacuum-size=200M`. Tatu kerneli (kiini cha mfumo) za zamani, moja inakula mia kadhaa za MB, hizo autoremove inazitoa yenyewe na inakuachia unayoitumia na mpya zaidi, usizifute kwa mkono.

Kama una Flatpak, `flatpak uninstall --unused` inatoa mizigo ya pamoja isiyo na mwenyewe.

fedora_ngaramtoni
Kwa faida ya wengine tu, sisi wa Fedora (Linux ya aina nyingine) tuna `dnf history undo` na namba ya tukio, ukikosea kama mwalimu unarudisha tukio zima kwa mstari mmoja (bando bado linahitajika). Hii ndo inanifanya nisihame.

binti_njiro
Hiyo ni nzuri kwakweli. Kwa Ubuntu na Mint kinachokaribia ni Timeshift, inayohifadhi nakala ya mfumo ili uweze kurudi nyuma, ila inataka nafasi na dada hana nafasi, aweke kwenye diski ya nje yenye ext4 (mpangilio wa diski wa Linux).

Naongeza moja kwa wenye mashine zaidi ya moja. Watu wanakimbilia `sudo apt clean`, inafuta faili za .deb (pakeji zilizopakuliwa) zilizopo /var/cache/apt/archives. Mimi SIZIFUTI mpaka nizihamishe. Napakua apdeti kwenye mashine moja kwa apt-get (ukitumia apt yenyewe inazifuta ikimaliza kuweka, apt-get inaziacha), nazinakili kwenye flashi, napeleka kwenye folda ileile za mashine nyingine mbili, nikiapdeti huko inazikuta tayari haizipakui tena. Bando moja mashine tatu. Zikishapita zote ndo clean.

steshenari_majengo
Wapendwa nimerudi. Nimefanya leo asubuhi kabla ya kufungua duka, nilianza saa kumi na mbili na nusu, kila kitu na `-s` kwanza kama fundi alivyosema.

Mtandao_pasua ulikuwa sahihi. Nafasi ilikuwa MB 900 na kidogo. Snap za zamani zimetoa kama GB 3, logi zilikuwa zimefika GB 1.8, autoremove GB 1.1 nyingi ni kerneli mbili za zamani. Michezo, Rhythmbox, Shotwell na Cheese kwa pamoja hata MB 100 havikufika, nilishtuka. Sa hivi nina zaidi ya GB 6 wazi. Nilipojaribu Thunderbird kwenye uigizaji haikuonyesha cha kuogopesha ila nimeiacha, kuna mzee mmoja mstaafu anakuja kila mwisho wa mwezi kusomea barua zake humo.

LibreOffice sijaigusa. Printa nimejaribu, imetoa nakala. Na yule wa CV amekuja saa tatu, nimemchapia upya bila kumdai.

Dada wa Njiro, kuna mashine ya pili ndogo nimeinunua nayo ina 22.04, hiyo ya flashi nikija Arusha Jumamosi kuchukua karatasi naweza kupitia kwako ninakili?

binti_njiro
Karibu sana. Njoo na flashi ya GB 8 inatosha. Kwanza hakikisha ni biti 64, andika `uname -m` uniambie.

steshenari_majengo
Imeandika x86_64.

binti_njiro
Basi zitakubali. Nikutumie ujumbe pembeni nikuelekeze pa kushukia.