Mwajiri anakata PAYE (kodi ya mshahara) na NSSF (michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii) lakini hapeleki: nani anadaiwa?

Mdau_Tabata: Wakuu, kampuni ipo Dar. Mshahara ghafi 900,000, slipu inaonyesha makato yote, ila taarifa ya NSSF ina mapengo ya miezi mitano. TRA (mamlaka ya mapato) wanaweza kunidai mimi?

Karani_wa_Mishahara: Anza na hesabu. NSSF yako 10% ni 90,000, inabaki 810,000. PAYE yake ni 80,500, mkononi 729,500. Slipu ikisoma hivyo, kodi umeshakatwa, na deni ni la mwajiri. PAYE hufikishwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Akichelewa analimbikiziwa riba na adhabu. Kesi ngumu ni pale ambapo *hakukata kabisa*: hapo sheria inawabana wote wawili. Ndiyo maana slipu ni dhahabu.

Mama_Hesabu: Mimi ningehofia NSSF zaidi. PAYE ni ya serikali, ile nyingine ni uzeeni kwako, na mwajiri naye anakuwa hajaweka sehemu yake. Kusanya slipu za miezi hiyo mitano, mkataba, na taarifa ya benki inayoonyesha 729,500 ikiingia. Peleka nakala ofisi ya NSSF inayohudumia eneo la kampuni, barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Wana wakaguzi na wanaweza kumshtaki. Usikubali "tutakulipa keshi mkononi": haitaonekana kwenye michango yako.

Mdau_Tabata: Slipu mbili sina.

Karani_wa_Mishahara: Ziombe kwa maandishi leo, kabla hujalalamika.